Ufa Nyuma ya Stoo

Jumatatu, 2 Septemba

Vidonge saa moja na nusu asubuhi. Cha kukojoa, cha moyo, nusu ya cha presha. Uji wa ulezi, vijiko sita. Miguu imevimba mpaka chini ya magoti. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Getruda amenikanda na kunipaka mafuta. Yeye ni mdogo wangu, miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu. Hunisahihisha hata ninavyokohoa.

Maji ya bomba hayajatoka tangu Ijumaa. Butimba nzima, hapa Mwanza, iko na ndoo mkononi. Getruda amepata madumu mawili kwa mtu wa guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Amefurahi. Maji ya chemchemi, anasema, meupe, hayana hata vumbi. Akachemsha, akatia majani ya chai. Nimekunywa nusu kikombe ndipo nikauliza ni chemchemi ipi.

Igogo. Kati ya mawe, kwenye mteremko chini ya kituo cha afya.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia amwage yote.

"Dada, maji haya nimeyagombania na wanawake wenye nguvu kuliko mimi," alisema. "Yana nini?"

Nikasema yananuka. Hayanuki. Hiyo ndiyo shida yake.

Hakumwaga. Ameyatumia kuoshea vyombo na kunipikia. Nimekula.

Miaka thelathini sijaitaja chemchemi ile. Leo imekuja yenyewe mpaka kitandani kwangu, kwa guta.

Jumanne, 3 Septemba

Nitaandika kama nilivyokuwa nikiandika ripoti: nani, wapi, nini.

Leokadia, miaka sabini na minane, mzaliwa wa Ukerewe, mfamasia. Nilikuwa mkuu wa stoo ya dawa katika kituo cha afya mlimani Igogo kwa miaka ishirini na mitatu. Jina la kituo silitaji hata humu. Waliopo sasa walikuta mambo niliyoyaanzisha mimi.

Kila stoo ina dawa zinazokwisha muda. Zinakuja zikiwa zimebakiza miezi miwili, zinakuja bila kuombwa, zinakuja nyingi kuliko wagonjwa. Sheria ilikuwa wazi: orodhesha, omba kibali, zichomwe kwenye tanuri lenye joto la kutosha mbele ya mashahidi. Tanuri letu lilipasuka mwaka wangu wa pili. Halikutengenezwa. Tukawa tunazitupa jalalani. Kisha siku moja, mnadani, nikakuta kapsuli za tetrasaiklini zimepangwa juu ya gunia, kati ya nyanya na dagaa, zenye muhuri wa stoo yangu. Muuzaji alinieleza namna ya kuzimeza. Kwa heshima kabisa.

Nilirudi na hasira. Nikabuni Utaratibu wa Ndoo. Vidonge vyote vitolewe kwenye karatasi zake. Kapsuli zifunguliwe. Vilowekwe kwenye ndoo ya maji moto, vikorogwe kwa mti mpaka viwe uji. Kisha uji umwagwe mahali ambapo hakuna mkono utakaoufikia. Nyuma ya stoo kulikuwa na mawe makubwa mawili yameegemeana, na kati yao ufa wa upana wa kiganja. Ufa ule ulimeza. Ndoo ishirini, thelathini, haukujaa. Tuliuita Mlafi.

Niliona fahari. Niseme kweli. Hakuna tena kidonge changu kilichouzwa mnadani. Niliwafundisha wanafunzi, wakaandika. Kwenye fomu tulijaza: zimeteketezwa kwa moto. Nilisaini.

Sikujiuliza Mlafi anapeleka wapi anachokula. Na nilisoma Jiografia mpaka kidato cha sita. Maji hushuka.

Alhamisi, 5 Septemba

Jana sikuandika. Pumzi. Leo naandika lile lenyewe.

Mwaka ule tulikuwa na GV nyingi, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya kinywa. Katoni kwa katoni, zote zimepita muda. Tulimwaga alasiri. Kesho yake asubuhi chemchemi ya chini ilitoka zambarau.

Nilisikia kelele nikiwa nafungua stoo. Nikashuka. Wanawake walikuwa wamesimama na ndoo tupu. Maji yanatoka kati ya mawe, rangi ileile iliyokuwa kwenye kucha zangu. Nikaingiza mikono kwenye mifuko ya koti.

Walishapata wa kumlaumu. Mwajuma, msuka mikeka, nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa akichemsha ukindu na rangi za unga: nyekundu, kijani, zambarau. Walisema ameusuuza kwenye chemchemi. Alikana. Wakamwonyesha mikono yake mwenyewe. Ilikuwa na rangi, kama siku zote. Balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao palepale. Ndoo yake ikamwagwa, akakatazwa kuchota. Mwanamke mmoja akamwambia, "Wewe nenda kachote ziwani na viboko wenzako." Watu wakacheka.

Akanigeukia. Mimi nilikuwa Mama Dawa, mwenye koti jeupe. "Mama Dawa, wewe umesoma. Waambie rangi yangu haiwezi kufika humu."

Nikasema sijui.

Nilijua. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua. Nikapanda stoo, nikasugua kucha kwa spiriti. Baada ya miezi michache Mwajuma alihama na watoto wake.

Na hili ndilo baya zaidi. Sikuacha. Kuanzia siku ile nilichagua. Dawa zenye rangi nilizifukia. Zisizo na rangi zilikwenda kwa Mlafi. Ampisilini, kloramfenikoli, kotrimoksazoli, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za maumivu. Miaka kumi na miwili zaidi, mpaka nilipostaafu. Maji yalitoka meupe. Kila mtu aliridhika.

Jumapili, 8 Septemba

Padri ameleta Komunyo na mafuta ya wagonjwa. Nimeungama. Dakika tano. Ameniondolea dhambi, amenipa rozari moja niisali. Padri mwema. Lakini yeye hanywi maji ya pale.

Baada ya chakula nimemwambia Getruda. Aliweka sahani chini.

"Kwa hiyo chai ile," akasema.

"Na uji."

"Na mimi nimekulisha mwenyewe kwa kijiko." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Dada, umebakiza wiki ngapi? Kaa nazo kwa amani. Ukisema, watatusema ukoo mzima."

Kisha ualimu ukamjia. Akataka kujua madhara yenyewe ni yapi. Nikamweleza. Dawa ya kuua vijidudu ikiingia majini kidogo kidogo haiwaui wote. Inaua walio dhaifu. Wanaobaki ni wale walioizoea, na hao ndio wanaozaana. Siku mtu akiugua kwa hao, kidonge hakimsaidii. Zile za homoni huvuruga samaki, dume likaanza kuwa na mayai. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi dawa. Mitambo ya maji imejengwa kutoa tope na vijidudu, si vitu hivi, na chemchemi haina hata huo mtambo. Ikitoka pale inapita kwenye bustani za mchicha, inaingia mtaroni, inaingia ziwani.

Akauliza ni nani aliyekufa. Sijui. Sina kipimo na hakuna aliyepima. Nisijipambe kwa vifo nisivyovijua, wala nisijifiche nyuma ya kutojua.

Nimeamua. Ufa uzibwe, na watu wa chemchemi waambiwe kwa nini. Nikiwa hai.

Jumanne, 10 Septemba

Nilimwita Salome, amekuja. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Sasa ndiye mkuu wa stoo ileile. Ameleta ndizi na parachichi. Akapiga magoti, shikamoo Mama, akaulizia miguu. Nikamwulizia Mlafi.

Akacheka. Alidhani namkumbusha ya zamani. "Yupo, Mama. Mwezi uliopita amekula metronidazoli katoni nne. Yule hashibi."

Karatasi yangu bado ipo ukutani, imetiwa plastiki. Utaratibu wa Ndoo, kwa mwandiko wangu.

Nikamweleza habari ya GV. Uso wake ukabadilika. Aliyoyasema ni kweli tupu. Kwamba fomu za miaka kumi na minane zina sahihi yake. Kwamba alifuata alichofundishwa. "Mama, wewe unaondoka. Mimi nina watoto shuleni."

Yuko sahihi, na ufa lazima uzibwe. Nimemwambia nitaandika barua kwa mkono wangu: utaratibu ni wangu, fomu za uongo nilizianzisha mimi, yeye nilimlea hivyo. Lakini akitangulia kusema mwenyewe itamsaidia zaidi. Nimempa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo naipeleka mimi.

"Utaipelekaje, Mama? Hata chooni hufiki."

"Nitabebwa."

Ameondoka bila kumuaga Getruda. Ndizi zipo.

Jumatano, 11 Septemba

Nimelala nimekaa. Maji kifuani. Cha kukojoa mara mbili. Hata ninachokojoa kina dawa. Mwili hautumii yote, nyingine inapita. Mpaka sasa nachangia. Tofauti ni kwamba hii siwezi kuizuia. Ile niliweza.

Barua imekwisha. Kurasa tatu.

Ijumaa, 13 Septemba

Salome amesema. Hakungoja jioni. Asubuhi aliingia ofisini kwa mkuu wa kituo, akaeleza yote. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hayo ni maneno ya mgonjwa. Mambo ya miaka thelathini hayana ushahidi. Jiwe ni jiwe, maji hayapiti ndani ya jiwe. Ufa ubaki mpaka itakapoonekana haja.

Amenipigia simu. Sauti yake ilikuwa na hasira, na mara hii si kwangu. "Nimejianika mwenyewe, Mama, halafu ananifundisha jiwe ni nini."

Basi tutamwonyesha. Rangi ilishatuonyesha njia mara moja bila sisi kukusudia. Sasa tukusudie. Si GV, ile ni sumu kwa samaki. Rangi ya keki, watu wanaila harusini. Imwagwe ufani na maji mengi, na watu wasimame chemchemi waone kwa macho yao.

Getruda alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Chupa ngapi kwa dumu ngapi?" Ndipo nilipojua yuko upande wangu.

Lakini kuna mtu ambaye lazima awepo.

Jumatatu, 16 Septemba

Igoma. Tumekwenda kwa bajaji, mito mitatu chini yangu. Nilitapika mara moja. Dereva aligeuza uso akaniachia heshima yangu.

Tulimpata Mwajuma kwa kuulizia wauza mikeka. Anaishi nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Bado anasuka. Vidole vimepinda. Alinipa shikamoo kabla hajanitambua. Mimi mkubwa kwake kama miaka kumi. Aliponitambua aliacha kusuka.

Nikasema yote. GV, kucha, mifuko ya koti, lile jibu langu la sijui. Mashine za karakana zilikuwa zikilia, ikabidi nirudie mahali pawili.

Hakulia. Akauliza, "Ulijua wakati nakuuliza?"

Nikasema nilijua.

"Palepale? Nimesimama mbele yako, unanitazama, unajua?"

Ndiyo.

Akasema mama yake mzazi alikufa akimsihi akiri tu, Mungu husamehe. Binti yake wa kwanza aliitwa Zambarau shuleni mpaka akakataa kwenda. Alisema hivyo bila kupaza sauti, kama mtu anayetaja vitu vilivyomo kabatini.

Nikaomba msamaha. Akasema, "Huo kaa nao kwanza."

Kisha akasema anachotaka. Nisimwambie yeye; yeye alijua siku zote kwamba hakufanya. Niwaambie wao, palepale kwenye maji, yeye akiwa amesimama kando yangu. Na rangi iwe zambarau.

Getruda akasema zambarau ya keki ni adimu, nyekundu ndiyo imejaa madukani.

Mwajuma akamtazama. "Mwalimu, mimi ni mtu wa rangi. Tafuta. Ipo."

Alhamisi, 19 Septemba

Ipo. Chupa tisa, duka la vifaa vya keki mjini. Getruda alijaribu tone kwenye beseni, akajimwagia. Ameshinda na mikono ya zambarau, amekwenda nayo sokoni, amejibu maswali ya Butimba nzima.

Mwenyekiti wa mtaa alicheka kwanza, kisha akasoma barua yangu, akaacha kucheka. Ametangaza kwa kipaza sauti: hakuna kuchota kuanzia kesho alasiri mpaka watakapoambiwa. Mkuu wa kituo amekubali kwa shingo upande. Atakuwepo, amesema, ili jambo liishe. Salome atamwaga kesho saa kumi. Maji ya kusukumia yanatoka ziwani, madumu arobaini.

Daktari amepiga simu. Hataki nisafiri. Nimemwambia si safari, ni Igogo.

Naogopa jambo moja. Mwamba hubadilika. Mizizi, tope, uji wetu wa miaka yote. Njia inaweza kuwa imeziba kati. Rangi isipotoka, nitakuwa kikongwe aliyechanganyikiwa, Mlafi ataendelea kula, na Mwajuma atafedheheshwa mara ya pili mbele ya watu walewale. Safari hii nimempeleka mimi.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nimelala. Getruda ameshika daftari.

Wanaume wanne walinipandisha kwenye kiti cha mbao, ngazi za mawe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wengi kuliko nilivyotegemea. Mwajuma alikuwa amefika kabla yetu. Baibui, ushungi mpya. Amesimama peke yake, hakuna aliyemkaribia. Kiti changu kikawekwa kando yake.

Maji yalikuwa meupe.

Mwenyekiti akasema nianze. Nikasema tusubiri. Saa moja, meupe. Saa moja na nusu, meupe. Minong'ono ikaanza. "Labda rangi imepitia Bukoba kwanza," mmoja akasema, wakacheka. Mkuu wa kituo alitazama saa yake mara tatu. Salome alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho chini.

Mwajuma akaniinamia. Nilidhani ananilaumu. "Sema tu," akasema. "Uliniahidi kusema. Rangi hukuniahidi, mimi ndiye niliyeitaka."

Nikasema. Sauti yangu ni ndogo. Getruda alirudia kila sentensi kwa ile sauti yake ya darasani. Nikasema ni mimi. Nikasema ni nini kilichomwagwa na wapi. Nikasema mwanamke huyu hakufanya kitu, na mimi nilijua, nikanyamaza nisipoteze kazi na heshima. Nikasema baada ya siku ile niliendelea na dawa zisizo na rangi, na maji waliyoyasifu kwa weupe yalikuwa nazo. Hapo Getruda alisita. Nikamgusa mkono. Akarudia.

Kisha mama mmoja: "Bibi, mbona sisi tunachemsha." Nikaeleza habari ya kuchemsha. Hawakupenda. Mwingine akauliza bomba likikauka wanywe nini. Nikasema hilo sina jibu lake. Mwenyekiti alitazama pembeni. Swali hilo ni lake pia.

Saa mbili na robo. Mama aliyekaa karibu na jicho la maji akasema taratibu, kama anasema na nafsi yake, "Mbona kama…" Watu wakainuka. Mwanzoni ilikuwa kama kivuli. Kisha rangi ya ua la kiazi kitamu. Kisha zambarau yenyewe.

Mkuu wa kituo alipiga magoti topeni na suruali yake ya kazi, akachota kwa kiganja, akatazama mpaka maji yakaisha kwenye vidole. Akainua kichwa akamwambia Salome, "Jumatatu tunaziba."

Mwajuma alinyoosha mikono yake mbele. Safi kabisa. Nadhani aliisugua makusudi. Akauliza, "Ndoo yangu alimwaga nani?"

Balozi wa siku ile alishakufa. Waliokuwepo siku hiyo hawafiki kumi. Bibi mmoja mwenye mkongojo akajibu, "Ni mimi, Mwajuma. Na lile neno la viboko ni langu." Akavua kitenge cha begani, akakitandika juu ya jiwe, akamwomba akae.

Mwajuma alikitazama kitambo. Hakukaa. Alikiokota, akakikung'uta, akamrudishia mkononi kwa mikono miwili.

Jumatano, 25 Septemba

Ufa umezibwa. Kokoto, kisha saruji. Salome alisimama pale mpaka mwisho.

Ameitwa kujieleza. Barua yangu imeambatanishwa. Hajui itakuwaje, nami sijui. Dawa zilizopita muda zimeorodheshwa na kufungiwa chumba cha nyuma, kibali kimeombwa. Amesema zimejaa mpaka dirishani. Nimemwambia zikae. Zikionekana zitamsumbua mtu. Zikifichwa hazimsumbui mtu.

Aliibandua karatasi yangu ukutani akaniletea niichane. Sikuichana. Nimepiga mistari miwili juu yake, nikaandika: USIFUATE HUU. SABABU NYUMA. Nikageuza, nikaandika sababu. Irudi ukutani.

Chemchemi imewekewa kibao: maji haya si ya kunywa. Bomba likikauka bado wanachota. Ya kufulia, wanasema. Wenye guta wameacha kutaja wanakochota. Watu wa maabara wamechukua chupa kadhaa za maji, majibu bado. Na mwamba umebeba uji wa miaka arobaini. Kuziba mdomo hakusafishi tumbo. Utaendelea kutoa kidogo kidogo nikiwa nimeshazikwa. Hilo pia niliandika nyuma ya karatasi.

Jumapili, 6 Oktoba

Siku nyingi bila kuandika. Sinyanyuki tena.

Leo mchana Mwajuma amekuja. Hakutuma salamu kabla. Alikuwa na mfuko wa kitambaa: vidonge vyake vya zamani vya presha, chupa ya dawa ya kikohozi ya mjukuu, kapsuli za mtu aliyeacha dozi katikati. Akauliza azitupe wapi, maana mimi ndiye niliyetangaza zisitupwe. Nikamwambia Salome ameweka sanduku lenye kufuli pale kituoni, mlangoni, kwa ajili ya watu wa nje.

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Getruda akaleta viazi na chai. Mwajuma alikula, alikunywa vikombe viwili. Wakabishana kuhusu mkeka: Getruda anadai ukindu wa siku hizi haudumu, Mwajuma anadai watu wa siku hizi hawajui kuufuta. Nililala kidogo katikati ya ubishi. Nilipoamka bado walikuwa nao.

Alipoinuka, Getruda alimwambia auache mfuko, kesho atapita Igogo ataupeleka yeye.

Mwajuma alikataa. Akasema ataupeleka mwenyewe. Kuna njia ya mkato, akasema, inayopanda kati ya mawe, inapita palepale kwenye chemchemi. Hajaipita tangu siku ile ndoo yake ilipomwagwa.

Getruda amemsindikiza mpaka barabarani. Mvua ya kwanza inaanza. Hawajarudi ndani, nawasikia barazani kwa jirani, wamejikinga, wanaendelea.